Makorongo Wale, Makorongo Yale

Wifi yangu ana miguu mirefu, na sisemi hivyo kwa ubaya. Siku kaka alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mama yetu alimtazama kuanzia chini, akapanda naye taratibu mpaka juu, kisha akasema, "Karibu mwanangu, ila mlangoni uiname." Mdogo wetu wa mwisho akamwita Korongo siku hiyohiyo, kwa jina la yule ndege anayetembea kama mtu anayeogopa kulowesha suruali. Jina likaganda. Yeye mwenyewe alilichekea, akalichukua. Leo ana miaka hamsini na saba, ana wajukuu, na ukiuliza mtaani anakaa wapi mke wa kaka yangu, watu watakutolea macho. Sema Korongo, utapelekwa mpaka mlangoni.

Mimi ndiye mwenye duka la kuchapa. Chumba cha nyuma kina mashine mbili, rafu za rimu zilizopangwa kwa rangi, na kisu kikubwa cha kukatia karatasi ambacho haruhusiwi mtu kukigusa ila mimi. Chumba cha mbele ni cha wifi: pazia jeupe, kigoda, taa mbili, na kioo cha watu kuchania nywele. Hapo anapiga picha za pasipoti na za vitambulisho. Akimaliza ananiletea kadi ya kamera, mimi nazisafisha picha kwenye kompyuta, nazichapa, nazikata nne nne. Tumekaa hivyo miaka kumi na moja, na hatugombani zaidi ya mara tatu kwa wiki.

Bora niseme mapema ugonjwa wangu. Mimi ni msahihishaji. Doa silipendi, herufi iliyokaa upande siipendi, na mtu akiniletea kadi ya mwaliko iliyoandikwa "nyote mnakaribishwa pamoja na familia yako," siichapi mpaka tuelewane ni "yako" au ni "zenu". Kaka husema nikifa nitaamka mara moja tu, nirekebishe tangazo la msiba wangu, nilale tena. Kuna mzee mmoja alikuja kupigwa picha ya pasipoti. Nikaona kwenye shavu lake kuna kitu cheusi, nikakifuta kwa ustadi wangu wote, shavu likatoka laini kama la mtoto mchanga. Baada ya siku mbili mzee alirudi, amekunja uso. Ofisini walimwambia mtu wa kwenye picha si yeye. Kumbe ile ilikuwa chunjua yake, ameishi nayo tangu ujana. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Lenzi ya ile kamera ina vumbi, imekuwa nalo tangu mwaka wa mafuriko, na kufuta vumbi ndiyo kazi yangu.

Mafuriko yenyewe yalitokea miaka saba iliyopita. Nyumba ya kaka ilikuwa kwenye mteremko nyuma ya mji, kando ya mfereji mdogo ambao hata mtoto angeuruka. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne mfereji haukuwepo tena. Palikuwa na korongo, na hapa sasa simsemi ndege, nasema lile bonde jembamba linalochimbwa na maji. Ungeweza kuegesha lori mle ndani na mpita njia asilione. Jiko la wifi, lililokuwa limejengwa pembeni ya nyumba, lilikwenda lote na sufuria zake, na mlango, na kufuli lililokuwa limefungwa vizuri kabisa. Watu walikuwa salama. Walikuwa wamehamia kwangu tangu jana yake, wanalalamika kwamba godoro langu ni gumu.

Ofisi ya mji ikatangaza kwamba aliyepotelewa na kitu alete ushahidi wa picha. Wifi akachukua kamera akapanda kule. Alipiga picha kumi na mbili za ushahidi. Kesho yake akarudi akapiga nyingine, na keshokutwa nyingine. Ushahidi ukapokelewa, mbao na mabati vikatolewa, nyumba mpya ikajengwa upande wa pili wa barabara mbali na maji, na wifi bado anapanda mteremko. Kila mvua kubwa ikikatika utamwona anavaa buti za mpira, anaifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki, na kumwita kaka, ambaye kazi yake ni kubeba mwavuli na chupa ya chai.

"Kule unafuata nini?" nilimuuliza mwaka ule wa kwanza.

"Maji yamechora tena, wifi. Nenda ukaone."

Nilikwenda mara moja nikapoteza kiatu, ikatosha. Lakini picha alinionyesha, na alijua kuzieleza. Hapa udongo mwekundu, chini yake wa kijivu, katikati ukanda wa changarawe mwembamba kama ukingo wa rimu. "Hapa maji yalikuwa na haraka," alikuwa akisema, kidole kikipita juu ya kioo cha kompyuta yangu na kukiacha na alama. "Hapa yakachoka. Hapa yakakutana na jiwe, yakabishana nalo, yakaamua kupita pembeni." Mimi niliona tope. Nilifuta alama ya kidole.

Akirudi kutoka huko tulimuuliza mambo yalikwendaje, naye alikuwa na majibu mawili tu. "Leo mwenyeji alikuwepo," au, "Leo mwenyeji hakutokea." Mwenyeji alipokuwepo, wifi aliingia dukani anaimba. Mimi nilijua anamsema yule mzee mwenye shamba la jirani, mtu mkali anayefukuza watu kwa fimbo. Nilimwonea huruma wifi yangu, mtu mzima, kusubiri hisani ya mzee kama yule. Mara mbili tatu nilitaka kwenda kumpasha mzee wa watu.

Picha zikajaa. Wifi alikuwa na ndoto moja, nayo haikuwa kubwa: kuona picha zake zimechapwa kwenye kitu ambacho watu wanakishika mkononi. Alipeleka chache kwa muuza vitabu, zitiwe kwenye majalada ya daftari. Muuza vitabu akamwambia watu wanapenda maua. Alipeleka kwa mtu wa kalenda, naye akauliza, "Hili ni shimo la nini, mama?" Moja aliitia kwenye fremu akampa daktari wa meno, shukrani ya jino lililong'olewa bila maumivu, na daktari akaitundika kwenye chumba cha wagonjwa kusubiri. Hiyo sikuiona. Kwa daktari wa meno siendi. Jino likiuma naliacha liume mpaka lichoke.

Basi mwaka jana, tumekaa mezani nyumbani kwao, watu wanaongea hili na lile, wifi akaweka kijiko chini.

"Jamani, nina neno," alisema. "Yule kijana wa kupiga picha za harusi amekuja tena kuiulizia kamera yangu. Nimemwambia hivi: mwaka huu ukiisha na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja mwenyewe, kwa miguu yake au kwa simu yake, kuziomba picha zangu, aje aichukue. Za pasipoti nitapiga kwa ile ndogo."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza. Kaka alitazama sahani yake. Wifi hakuwa amekasirika wala hakuwa analia. Alisema kama mtu anayesema kesho ataamka mapema, na mimi ninayemjua nikaona kwamba amekata shauri. Roho iliniuma. Naweza kumtania Korongo kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini kuona kamera ile kwenye shingo ya mtu mwingine, hapana, sikuwa tayari.

Mwezi wa kumi na moja, simu ya duka ikalia.

"Hapo ndipo wanapochapa?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kukata maneno. "Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, ile ya bweni ng'ambo ya mto. Wasichana wangu hawaandiki barua nyumbani. Simu shuleni hatuwaruhusu, na ukiwapa karatasi ya daftari wanaandika mistari miwili, 'sijambo, naomba sabuni.' Nataka karatasi za barua na bahasha zake, nzuri, mtoto akiishika atamani kuijaza. Nimeambiwa hapo kwenu kuna mama anapiga makorongo."

Moyo uliruka. "Yupo, mwalimu! Ni wifi yangu."

"Basi nataka wale makorongo wake. Picha sita, zichapwe kwa rangi hafifu ili wino uonekane juu yake."

Wale makorongo wake! Mwalimu mkuu mzima! Niliziba simu kwa kiganja nikacheka kidogo. Makorongo ya udongo hayana miguu, ni *yale*, makorongo *yale yake*. Lakini mteja ni mteja. Kwenye kitabu cha oda niliandika kwa mwandiko wangu bora: karatasi elfu tatu, bahasha elfu moja, picha sita, *makorongo yale*. Hilo "yale" nikalipigia mstari, nijifurahishe.

Wifi alikuwa chumba cha mbele anamnyoosha mteja kidevu. Nilipomwambia, aliacha kidevu cha watu kinaning'inia hewani.

"Ameomba mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa simu yake."

"Amesema makorongo?"

"Amesema makorongo yako."

Alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona anatembea kwenda na kurudi mbele ya duka kwa ile miguu yake, mara tano, mara sita, halafu akarudi ndani akamaliza picha ya yule mteja kama vile hakuna kilichotokea. Yule mteja ndiye mtu wa kwanza katika historia ya duka letu aliyetoka kwenye picha ya pasipoti anacheka, maana mpigaji alikuwa anacheka.

Wiki hiyohiyo binti yake mkubwa, anayeishi mji mwingine, akapelekwa hospitali kujifungua, na wifi akaitwa. Kabla ya kuondoka alichagua picha sita, akaandika namba zake kwenye kipande cha karatasi.

"Usizibadilishe, wifi. Zichape kama zilivyo."

"Nitasafisha vumbi tu."

"Vumbi safisha," alisema, akabeba mkoba wake.

Nilizifungua kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Na kweli, vumbi lilikuwepo. Picha sita, na kila moja na doa lake jeupe lenye kijivu, dogo kama punje ya mchele, huku chini kabisa ya bonde. Cha kushangaza halikukaa mahali pamoja. Vumbi la lenzi hukaa palepale picha zote. Hili mara lilikuwa kulia, mara kushoto, mara katikati. Nilisema moyoni, vumbi la siku hizi nalo halitulii. Nikalifuta. Nilifuta kwa uangalifu mkubwa, nikipaka udongo juu yake chembe kwa chembe, mpaka mtu angeapa hapo hapajawahi kuwa na kitu.

Zikawa safi. Sijui kwa nini hazikunifurahisha. Nilisogea nyuma, nikasogea mbele. Korongo lililomeza jiko zima lilionekana kama ufa kwenye sakafu iliyokaukiana. Nikasema ni macho yangu, yamechoka. Nikachapa karatasi zote elfu tatu, picha ikiwa hafifu upande wa chini na mistari ya kuandikia juu yake. Zikapendeza. Nikazikata, nikazipanga kwenye maboksi, zikabaki bahasha tu.

Siku moja kabla ya mwalimu mkuu kuja, dereva wa shule alileta nembo ya kutiwa kwenye bahasha. Nikaifungua. Palikuwa na duara, jina la shule, na katikati ndege mwenye shingo ndefu amesimama kwa mguu mmoja.

"Huyu ni nani?" nilimuuliza dereva, ingawa macho ninayo.

"Si korongo huyo, mama? Kule kwetu tunawaita wasichana wote makorongo. Hata basi tumelichora korongo."

Dereva alipoondoka nilikaa juu ya rimu, kitu ambacho huwa namfokea kila anayekifanya. Nilifungua kitabu cha oda. *Makorongo yale.* Na mstari chini yake! Mwanamke wa watu alisema "wale" kwa sauti safi, akasema "wake", mimi nikamsahihisha kimoyomoyo na kumcheka juu yake. Alitaka ndege. Kuna mtu alimdanganya kwamba hapa yupo mama anayepiga picha za ndege, naye akapiga simu kutafuta ndege, nami nikamchapia mashimo elfu tatu.

Nilimpigia. Simu iliita mpaka ikakata, mara nne. Wasichana walikuwa kwenye mitihani.

Karatasi hazikuniumiza kichwa. Nilichokuwa nakiona ni wifi akitembea kwenda na kurudi mbele ya duka. Hakuna aliyeziomba picha zake. Mwaka ulibaki na wiki chache, na kijana wa harusi alikuwa na mfuko wa kamera tayari.

Asubuhi yake wifi aliingia dukani moja kwa moja kutoka kituoni, mkoba mkononi, kamera shingoni, meno yote nje.

"Msichana, wifi! Miguu hii hapa!" Alipima hewani kwa mikono. "Tena nimewaambia wodi nzima. Muuguzi mmoja amesema nikirudi nimpelekee karatasi moja ya makorongo. Yako wapi? Nionyeshe."

"Kunywa chai kwanza."

"Chai nimekunywa."

"Wifi, sikiliza, ile oda…"

"Eh?"

"Bahasha bado hazijakauka," nilisema. Nilikuwa mwoga, naandika hapa bila kujitetea. Nilijaribu tena alipokuwa anafungua pazia lake, nikaishia kumwuliza mtoto ana uzito gani. Nilijaribu mara ya tatu, na hapo gari la shule likasimama nje.

Mwalimu mkuu alikuwa mfupi, mnene kidogo, miwani imefungwa kamba shingoni. Alimpa wifi mkono kwa heshima nyingi, akasema, "Kumbe ndiye wewe," kisha akafungua boksi la kwanza. Akatoa karatasi. Akaigeuza. Akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Kaka naye alikuwa ameshafika kumpokea mkewe, amesimama mlangoni na mwavuli, ingawa hapakuwa na mvua.

"Ndege yuko wapi?" aliuliza mwalimu mkuu.

Nikasema yote kwa pumzi moja. "Kosa ni langu, mwalimu, wifi hana habari. Ulisema makorongo wale, mimi nikaandika yale. Wewe ulitaka ndege, mimi nikakuchapia mabonde. Nimejua jana tu. Wifi, nisamehe, nilitaka kukuambia tangu asubuhi."

Wifi alinitazama. Ile furaha aliyoshuka nayo kutoka kituoni ikamtoka usoni taratibu, nami nikatamani kile kisu changu cha karatasi kinimalize.

"Kwa hiyo alitaka ndege," alisema.

"Ndiyo, wifi."

"Haya." Alivua kamba ya kamera shingoni, akaizungushia kamera vizuri, mizunguko mitatu, akaiweka juu ya meza yangu. "Si neno. Mlipe mwenzio karatasi nyingine, umchapie ndege wake. Picha za ndege zipo nyingi."

"Ngojeni kwanza," alisema mwalimu mkuu. "Picha nyingi za nini? Mimi nauliza yule ndege wa kwenye picha hizi. Ile iliyoko kwa daktari wa meno inaye. Amesimama huku chini, kadogo, kama punje. Nilikaa mbele yake saa nzima na shavu langu limevimba. Mwanzo nilidhani nimetundikiwa picha ya ufa wa ukuta, nikakasirika. Halafu nikamwona yeye. Nilipomwona tu, lile bonde likakua, likawa kubwa, nikasahau jino. Nikamwambia daktari nataka kumjua aliyepiga. Sasa hapa mmemweka wapi?"

Wifi alikwishavaa miwani. Alichukua karatasi moja, akachukua ya pili, akafungua maboksi mengine, akatoa moja moja mpaka sita zikawa zimetandazwa juu ya meza. Alipitisha kidole chini ya kila bonde, mahali pale pale nilipopaka udongo chembe kwa chembe.

"Wifi," alisema polepole. "Mwenyeji wangu yuko wapi?"

Kichwani mwangu mambo yalikuwa yanagongana: mwenyeji, punje ya mchele, vumbi lisilotulia.

"Wifi, umemfuta mwenyeji?"

"Nilidhani ni vumbi," nilisema.

"Vumbi lenye miguu!"

"Ulisema vumbi nisafishe!"

"Mara sita?"

"Mimi nilijua ni ndege," alisema kaka mlangoni. "Kila siku tunakunywa chai tukimsubiri."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Wewe huwa huulizi, dada, wewe hurekebisha."

Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, magoti juu, karatasi mkononi. Nilingoja anifokee, na nilikuwa natamani anifokee.

"Siku ile ya pili baada ya maji," alisema, na hakuwa anamwambia mtu mmoja, "nilipanda kupiga ushahidi. Nikachungulia pale lilipokuwa jiko langu. Chini kabisa palikuwa na kidimbwi, na korongo mmoja amesimama katikati, anageuza geuza tope kwa mdomo, anatafuta chakula. Nilikuwa nimekwenda kule nikiwa nalia. Nikamtazama, nikasema, basi, jikoni kwangu bado yumo mtu anapika. Tangu hapo nilikuwa naenda kumwangalia. Ukimsogelea anaruka, ndiyo maana namchukua kwa mbali. Sijui kama ni yuleyule miaka yote. Mimi namhesabu ni yuleyule."

Miaka sita nimekuwa nikisikia "leo mwenyeji alikuwepo", na miaka sita nimekuwa nikimchukia mzee wa watu wa shamba la jirani. Machozi yalinitoka, na siyo kidogo. Mwalimu mkuu alinipa leso, akavuta pua na yeye.

"Sasa je," aliuliza, "anarudi au harudi?"

"Anarudi," nilisema. "Picha zenyewe ninazo, nilifuta kwenye nakala tu. Nipe siku tatu."

"Kwa hiyo, mwalimu," wifi alisema, bado hajainuka, "uliomba hizi hizi? Zangu?"

"Ningeomba za nani? Mimi nimesema tangu mwanzo, makorongo wake."

Wifi alinigeukia. Sasa kicheko kilikuwa kinapanda, nilikiona kikitoka magotini. Kilipofika juu duka zima lilicheka, hata dereva aliyekuwa nje kwenye gari alikuja kuuliza kuna nini. Wifi alifungua ile mizunguko mitatu ya kamba, akairudisha kamera shingoni, akatupiga picha tulivyokuwa, mimi na leso ya watu puani.

Zile siku tatu nilichapa bila kugusa kitu. Kwenye picha ya nne kuna doa la kweli, la vumbi kabisa, juu kushoto kwenye mawingu. Naliona. Linanikera mpaka leo. Sikuligusa. Karatasi zilipofika shuleni, mwalimu mkuu alipiga simu kusema wasichana wanaandika kurasa mbili, tatu, wanashuka na maneno mpaka kwa ndege, hapo wanamzunguka, wanaendelea. Wodi ya uzazi ilipelekewa pakiti nzima. Muuza vitabu naye amekuja, kwa miguu yake. Wifi alimwambia asubiri kidogo, ana wateja.

Kijana wa harusi alitokea mwisho wa mwaka kama walivyoagana, na mfuko wake mtupu. Alitoka na picha nne za pasipoti ambazo hakuwa amezipanga. Na mimi nilipiga moyo konde nikaenda kwa daktari wa meno, kumwona ndege tu. Nilikaa mbele yake dakika kumi kwa raha zangu. Halafu daktari akatoka, akaniambia nifungue mdomo.

Zile karatasi elfu tatu za kwanza, zisizo na mwenyeji, sikukubali zitupwe. Tunazitumia kuandikia risiti. Lakini wifi ametoa hukumu, na hukumu yake haina rufaa: hakuna karatasi inayotoka dukani na bonde tupu. Kwa hiyo kila mteja anasubiri kidogo, na mimi, niliyewafuta kwa ustadi wangu wote, nachukua kalamu na kumrudisha mmoja, kwa mkono, huku chini kabisa. Nimefika kama mia tisa. Korongo anapita nyuma yangu akienda kwenye pazia lake, anainama kutoka huko juu aliko, anatazama juu ya bega langu.

"Miguu mirefu zaidi, wifi," ananisahihisha. "Huyo umemchora bata."